Kompyuta ya sataranji hukumbuka nini kati ya hatua moja na nyingine?

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MTU anayesafiri kwa gari kutoka Bukoba kwenda Muleba hupita Kemondo, kisha Muhutwe. Akifika Muhutwe ana uchaguzi: aendelee na barabara kuu, ama apande kupitia Kamachumu, njia ambayo kutoka hapo hadi Muleba ina urefu wa kilometa 54. Vyovyote atakavyochagua, mji atakaoufikia ni uleule. Aliyekwisha kujua kituo cha mabasi cha Muleba kiko upande gani hana sababu ya kuuliza upya, eti kwa kuwa safari hii amekuja kwa njia ya Kamachumu.

Programu za kompyuta zinazocheza sataranji zimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya jambo hilo dogo. Mkao mmoja wa kete ubaoni unaweza kufikiwa kwa njia nyingi, na programu iliyokwisha kuuchunguza mkao huo mara moja huandika ilichokiona, ili ikiufikia tena kwa njia nyingine isome badala ya kuanza kufikiri upya. Swali linalotuhusu leo linafuata hapo: kompyuta ikishacheza, na mpinzani akajibu, yale maandishi yote yanakwenda wapi?

Nimelazimika kuliandika jambo hili kutokana na ubishi nilioushuhudia Muleba. Mwalimu mmoja, rafiki yangu, huwafundisha watoto wa jirani mchezo huo barazani kwake wakati wa jioni, na msaidizi wake ni kompyuta mpakato kuukuu yenye programu ya bure. Siku hiyo mvulana wa darasa la sita alimtoa farasi wake sadaka. Walipouweka mchezo kwenye kompyuta, ikaonyesha kwamba mtoto amekosea vibaya. Mtoto akashikilia kauli yake. Basi wakazisogeza kete mbele, hatua baada ya hatua, wakiipa mashine muda wa kutafakari kila mahali, mpaka ikadhihirika jinsi mfalme wa mpinzani anavyobanwa. Kisha wakazirudisha nyuma mpaka palepale walipoanzia. Mashine ileile, kwa ubao uleule, sasa ikasema kuwa kumtoa farasi ndiyo hatua bora.

"Waitu, hii mashine inatudanganya," mwalimu akaniambia. "Sasa huyu mtoto nimwambie nini?"

Swali lake ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtoto alikuwa amekwisha kuambiwa mbele ya wenzake kwamba amefanya kosa. Ili kulijibu, inatubidi tuingie ndani ya mashine.

Katika mkao wa kawaida wa sataranji mchezaji huwa na hatua halali zipatazo 35 za kuchagua. Mpinzani naye ana kiasi kama hicho cha majibu. Ukihesabu hatua nne tu mbele, mbili za kila upande, unapata mifuatano zaidi ya 1,500,000. Ukihesabu sita, inazidi 1,800,000,000. Programu zina mbinu za kukata matawi yasiyo na faida bila kuyapekua, lakini hata baada ya kukata, kazi inayobaki ni kubwa, na sehemu yake nzuri ni marudio: kucheza askari wa mbele ya malkia kwanza na yule wa jirani yake baadaye, au kinyume chake, mwisho wake ni mkao mmoja.

Programu iliyoandikwa na Richard Greenblatt na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, na kuanza kushindana na binadamu mwaka 1967, ilikwisha kuwa na ghala la namna hii. Ilikuwa inahitajika njia nyepesi ya kuutambua mkao uliokwisha kuonekana. Njia inayotumika hadi leo iliandikwa na Albert Zobrist wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1970.

Msomaji asiyependa hesabu anaweza kuiruka aya hii, hatapotea njia. Kuna aina 12 za kete (sita nyeupe na sita nyeusi) na miraba 64, hivyo kuna jozi 768 za kete na mraba. Kila jozi hupewa namba yake kubwa iliyochaguliwa kwa bahati nasibu; zinaongezwa nyingine chache za kuonyesha zamu ni ya nani na mfalme bado ana haki zipi. Namba za kete zote zilizopo ubaoni huchanganywa kwa hesabu maalumu ya biti, na jibu linakuwa ndiyo anwani ya mkao huo. Uzuri wa hesabu hiyo ni kwamba kuchanganya namba ileile mara ya pili kunaifuta. Farasi akihama, kompyuta huifuta namba ya farasi katika mraba wa zamani na kuchanganya ya mraba mpya, basi. Ubao mzima hauhesabiwi tena.

Katika anwani hiyo huwekwa rekodi fupi: hatua bora iliyoonekana, alama ya mkao, kama alama hiyo ni kamili au ni kiwango cha chini ama cha juu tu, na kina cha upekuzi, yaani programu ilitazama hatua ngapi mbele ilipofikia uamuzi huo. Rekodi ya kina cha hatua tano haiwezi kumtosheleza anayetaka kutazama kumi. Hata hivyo haitupwi, kwani ile hatua bora iliyomo ndani yake hujaribiwa kwanza, na kuanza na hatua nzuri ndiko kunakowezesha matawi mengi kukatwa mapema.

Faida yake huonekana waziwazi kete zinapokuwa chache. Katika kitabu cha Reuben Fine kuhusu miisho ya michezo, kilichotoka mwaka 1941, mkao namba 70 una wafalme wawili na askari saba waliozuiana wasiweze kusogea kwa urahisi. Wafalme huzunguka tu, na kuzunguka kwao hurudia mikao ileile kwa maelfu ya njia. Programu yenye ghala huipata hatua ya ushindi kwa muda mfupi sana. Ile isiyo nalo hubaki ikizunguka pamoja na wafalme hao.

Sasa tufike kwenye kiini. Kompyuta imecheza, mpinzani amejibu. Mwandishi wa programu angeweza kulifuta ghala lote na kuanza ukurasa mweupe. Angefanya hivyo, angetupa mali. Chukua programu iliyopekua hadi kina cha hatua 20, ikacheza, na mpinzani akajibu kwa hatua ileile iliyotarajiwa. Mkao uliopo sasa ulikwisha kupekuliwa hadi kina cha takriban hatua 18. Ikianza kufikiri, programu hupita hatua hizo za mwanzo kwa kasi, ikisoma zaidi kuliko kuhesabu, na nguvu zake inazipeleka kwenye yasiyojulikana. Mpinzani akijibu kwa hatua ambayo haikutarajiwa, kinachookolewa ni kidogo, kwa kuwa tawi hilo lilipekuliwa juujuu tu. Ndiyo maana anayecheza na kompyuta huona wakati mwingine inajibu papo hapo na wakati mwingine inakawia, ingawa kwa macho yake ugumu ni uleule.

Lakini kutunza kila kitu nako kuna hasara, na hapa hoja ni ya nafasi. Stockfish, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2008, kwa muda mrefu imekuwa ikianza na ghala la megabaiti 16 endapo mtumiaji hakubadili chochote. Kila rekodi huchukua baiti 10, na rekodi tatu hukaa pamoja katika chumba cha baiti 32. Ukipiga hesabu, ghala hilo lina vyumba 524,288 na nafasi za rekodi 1,572,864. Zinaonekana nyingi. Kompyuta inayopekua mikao milioni moja kwa sekunde, na hiyo si kasi ya kustaajabisha siku hizi, inaweza kulijaza katika sekunde mbili hivi. Baada ya hapo, kila rekodi mpya inayoingia lazima imtoe mwenzake.

Nani atolewe? Kanuni ya kwanza ni kumtoa mwenye kina kidogo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa rahisi na inaweza kurudiwa. Kanuni hiyo peke yake huharibika kadiri mchezo unavyoendelea. Rekodi zenye kina kikubwa za mikao ya hatua ya kumi hung'ang'ania nafasi zao hata hatua ya thelathini, wakati kete zilizokuwamo zimekwisha kuliwa na mikao hiyo haiwezi kutokea tena. Ni sawa na ghala la kahawa lililojaa magunia ya msimu uliopita ambayo hayana mnunuzi, huku mavuno mapya yakinyeshewa nje.

Kwa hiyo kila rekodi hugongwa muhuri wa umri. Kila kompyuta inapoanza kufikiri hatua mpya, namba ya kizazi huongezwa kwa moja. Hakuna kinachofutwa, ila vyote vilivyokuwamo vinahesabika kuwa vimezeeka kwa mwaka mmoja, tuseme. Nafasi ikitakiwa, programu hutazama rekodi za chumba husika, hupunguza thamani ya kila moja kulingana na umri wake, na iliyobaki na thamani ndogo ndiyo inayotoka. Rekodi ya zamani yenye kina kikubwa inaweza kuishi vizazi viwili vitatu, lakini haiwezi kukaa milele. Katika Stockfish namba ya kizazi hutengewa biti tano, maana yake baada ya vizazi 32 hesabu huanza upya na mzee aliyenusurika hadi hapo angeonekana kijana. Watengenezaji wameliacha jambo hilo lilivyo, kwa kuwa wa kunusurika hivyo ni wachache mno.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba kusafisha hakuchukui muda wowote. Kufuta ghala kubwa kwa kulipitia lote ni kazi inayochukua muda, na katika mchezo wa saa kila sehemu ya sekunde ina thamani.

Wapo pia wanaoitumia zamu ya mpinzani. Programu hukisia jibu lake na kuendelea kupekua saa ya mwenzake ikikimbia. Kisio likiwa sahihi, kazi inaendelea bila kukatika. Likiwa si sahihi, upekuzi husimamishwa lakini rekodi zake hubaki ghalani, na baadhi huja kufaa.

Ghala hili lina hila zake. Ya kwanza inahusu kumfunga mfalme. Programu ikiona ushindi baada ya hatua tano, tano hizo zinahesabiwa kutoka wapi? Zikihesabiwa kutoka mahali upekuzi ulipoanzia na kuandikwa hivyo, basi baada ya kucheza hatua mbili maandishi yatakuwa ya uongo. Programu za wanafunzi wengi zimeugua ugonjwa huu: zinaona ushindi kila zamu, zinatembea kuuelekea, na haziufikii. Dawa yake ni kuandika umbali kutoka kwenye mkao wenyewe, kisha kuurekebisha wakati wa kusoma.

Hila ya pili ni mbaya zaidi na haijapata dawa kamili isiyo na gharama. Anwani ya mkao haisemi umefikiwaje. Kwa sheria za sataranji, mkao ukijirudia mara tatu mchezaji anaweza kudai sare, na vilevile zikipita hatua 50 za kila upande bila askari kusogea wala kete kuliwa. Ghala linaweza kusema "hapa unashinda," nalo likasema kweli kwa njia ile ya kwanza, kumbe kwa njia hii ya sasa kufika hapo ni kurudia mara ya tatu na ushindi umegeuka sare. Murray Campbell, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa watengenezaji wa mashine iliyomshinda Garry Kasparov mwaka 1997, aliliandikia tatizo hili mwaka 1985. Kinachofanyika kwa kawaida ni kukagua marudio kwanza kabla ya kufungua ghala, na hesabu ya hatua 50 inapokaribia kutimia, kutolitegemea ghala kutoa uamuzi wa mwisho.

Mchezo ukiisha, mambo hubadilika. Itifaki ya mawasiliano iliyotolewa mwaka 2000 na Rudolf Huber pamoja na Stefan Meyer-Kahlen ina agizo la kuiarifu programu kwamba mchezo mpya unaanza, na programu nyingi hulifuta ghala hapo. Sababu mojawapo ni haki. Anayepima programu mbili hataki moja ibebe kumbukumbu za mchezo uliopita. Na kwa kuwa ghala hukaa katika memori ya kompyuta wala si kwenye diski, umeme ukikatika na betri ikiwa imekufa, kila kitu kinatoweka. Wakazi wa kwetu hawahitaji kuelezwa zaidi. Walikuwapo waliojaribu kuhifadhi sehemu yake katika faili la kudumu, mfano ukiwa Rybka 3 ya mwaka 2008, kwa ajili ya wachambuzi wanaorudi kwenye mkao uleule siku baada ya siku.

Kizazi cha programu kilichofuata nyayo za AlphaZero ya mwaka 2017, ikiwamo Leela inayopatikana bure, hupekua kwa namna nyingine na hutunza kwa namna nyingine. Hizo huotesha mti wa mikao na kuukumbuka wenyewe kama mti. Mpinzani akijibu, tawi la jibu lake ndilo linalokuwa mti mpya na mengine yote hukatwa. Mwenye kibanja hapa Kagera ataelewa upesi: mgomba uliokwisha kuzaa hukatwa, chipukizi lililochaguliwa likabaki shinani kuendeleza ukoo.

Kabla ya kurudi Muleba, tupite kwenye mchezo wa kwetu. Bao nalo limeingizwa kwenye kompyuta. Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walichapisha makala kuhusu kuliandikia programu mwaka 2002. Ukilitazama kwa jicho la mtunza ghala, bao la Kiswahili lina tabia ya pekee. Katika sehemu ya namua kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na kila zamu inaingiza kete moja. Idadi ya kete zilizoko ubaoni kwa hiyo ni saa isiyorudi nyuma. Mkao wenye kete 30 hautatokea tena ubao ukiwa na 32, hivyo mtunza ghala anaweza kuzitupa rekodi za nyuma kwa uhakika kamili, si kwa kukisia umri. Omweso wa jirani zetu wa Uganda, wenye mashimo 32 na kete 64 pia, hauna saa hiyo. Kete zote zimo ubaoni tangu mwanzo na zinazoliwa hupandwa upya, kwa hiyo mkao wa zamani unaweza kurejea. Gharama nayo ni tofauti na ya sataranji: farasi akihama hubadilisha miraba miwili, lakini mtu akisambaza kete mashimo kadhaa hubadilika, na anwani lazima irekebishwe kwa kila shimo.

Sasa turudi barazani kwa mwalimu. Mara ya kwanza mashine ilipoulizwa, ghala lilikuwa tupu. Kumtoa farasi bure huonekana hasara kwa hatua kadhaa za mwanzo, na malipo yake yalikuwa mbali kuliko kina ilichofikia kwa muda iliopewa. Walipozisogeza kete mbele, mashine ilipekua kutoka mahali palipo karibu zaidi na malipo hayo, ikayaona, ikayaandika. Waliporudi nyuma, upekuzi mpya ulitembea hatua chache tu ukakutana na rekodi hizo, na kila rekodi ilibeba kina chake. Ni mtu aliyeanza kutazama akiwa bondeni, kisha akasimama juu ya kilima cha kwanza. Mashine haikuwa imedanganya mara ya kwanza, ilikuwa haijaona.

Hali hii wachambuzi wazoefu huitumia kwa makusudi. Mchezo ukishaisha huuchambua kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ili yaliyoonekana mbele yapate kuangaza ya nyuma. Kwa kompyuta kuukuu inafaa kwanza kufungua mipangilio na kuongeza namba iliyoko mbele ya neno Hash, kwani megabaiti 16 hujaa na rekodi za mbele zinaweza kuwa zimetolewa kabla hujarudi. Namba hiyo isizidi nusu ya memori ya kompyuta, la sivyo mashine itaanza kuhamishia mzigo kwenye diski na kuwa nzito kupindukia. Anayetaka kulinganisha programu mbili, au kompyuta mbili, afute ghala kwanza kwa kitufe kilichomo mlemle. Na programu ikitumia viini viwili au vinne vya kompyuta kwa pamoja, vyote vikiandika katika ghala moja, majibu yanaweza kupishana kidogo hata kwa swali lilelile kwenye ghala tupu.

Mwalimu aliongeza ghala lake hadi megabaiti 256, akauchambua mchezo wa yule mvulana kutoka mwisho. Farasi alibaki kuwa hatua bora. Kosa lilipatikana hatua nne baadaye, upande wa mpinzani, ambaye alikuwa na nafasi ya kujiokoa kwa ngome yake na hakuiona. Wala mtoto hakuwa ameiona.